Jumamosi mtoni Msimbazi

Habari za jioni wanakikundi,

Jumamosi tunaingia tena Mto Msimbazi kuzoa taka, hapa Dar es Salaam, upande wa Kigogo. Saa moja kamili asubuhi, si saa moja ya "niko njiani". Jua likishapanda ile harufu haivumiliki.

Njoo na buti za mpira, hilo halina mjadala. Ndala hapana. Kwenye tope kuna chupa zilizovunjika, sindano, na pampasi zilizojaa maji zikawa nzito kama mawe. Glavu na viroba vipo. Reki na sepetu bado hazitoshi, mwenye nazo azibebe. Kirikuu ya kusomba taka imepatikana, tunachangia mafuta tu.

Sasa, kuna waliouliza inbox: tuzoe chupa wakati huko juu maji ya viwandani yanaendelea kutiririka? Swali la haki kabisa. Mto unatoka milima ya Pugu, unapokea maji machafu ya viwandani na ya majumbani, hadi unaingia baharini pale daraja la Salenda. Reki haitoi metali zenye sumu kama kromiamu na risasi kwenye maji. Ndiyo maana mchicha wa kandokando ya mto mimi siuli, mtanisamehe. Lakini taka ngumu ndizo zinazoziba njia ya maji, na Jangwani ikifurika wote tunajua nani analala juu ya meza.

Kwa hiyo ukiona bomba linamwaga maji ya rangi au yenye povu, usiyaguse. Piga picha, andika saa na mahali, nitumie mimi. Tutaipeleka NEMC, baraza la taifa la mazingira, kwa barua, kupitia mwenyekiti wa mtaa.

Watoto wabaki nyumbani. Anayekuja aandike jina hapa chini kabla ya Ijumaa jioni, nijue chai ya watu wangapi.