Kiwango cha kuponi si faida ya mnunuzi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie namna habari za hatifungani, yaani hati za mkopo zinazouzwa kwa wawekezaji, zinavyoandikwa, kwa kuwa mara nyingi msomaji huambiwa tu kwamba hatifungani fulani "inalipa asilimia 12", akaachwa aamini kuwa hiyo ndiyo faida atakayoipata, hata ainunue kwa bei gani.

Kuponi ni riba ambayo mkopaji, iwe serikali au kampuni, ameahidi kumlipa mwenye hatifungani, nayo hupigiwa hesabu kwenye thamani iliyoandikwa katika hati. Hatifungani ya 1,000 yenye kuponi ya asilimia 12 hulipa 120 kwa mwaka, kwa kawaida 60 kila baada ya miezi sita, na ikiiva, yaani muda wa mkopo ukiisha, mwenye nayo hurudishiwa zile 1,000. Maadamu riba yake ni ya kudumu, malipo hayo hayaongezeki wala hayapungui, bei ya sokoni ipande au ishuke.

Sasa tumchukue mtu aliyeinunua kwa mwekezaji mwingine kwa 1,100, mara tu baada ya kuponi kulipwa, ikiwa imebakiza miaka miwili kuiva. Atapokea kuponi nne, jumla 240, kisha zile 1,000. Ametoa 1,100 na kupata 1,240, kwa hiyo kilichobaki mkononi ni 140 kwa miaka miwili, ambacho hakifiki asilimia 7 kwa mwaka. Hakuna aliyemdhulumu; ni ile 100 aliyolipa zaidi ndiyo iliyomega riba yake. Angeinunua kwa 950, faida yake ingekaribia asilimia 15, na kuponi ni ileile. Bei ya juu kama ile ya 1,100 hutokea pale riba zinaposhuka sokoni, kwani hatifungani za zamani zenye kuponi kubwa hugombewa.

Linalowatatiza wengi zaidi, kwa maoni yangu, ni riba limbikizi. Anayenunua hatifungani hiyo miezi mitatu baada ya malipo ya mwisho humlipa muuzaji, juu ya bei, 30 ambazo ni riba ya muda ambao muuzaji alikuwa bado anaimiliki. Kuponi ya 60 itakapoingia, nusu yake itakuwa ni fedha ya mnunuzi mwenyewe inayomrudia. Asiyelijua hilo huona anadaiwa kiasi kikubwa kuliko bei iliyotangazwa, akadhani dalali amemtapeli.

Zipo pia hatifungani zisizo na kuponi kabisa, ambazo huuzwa chini ya thamani yake na kulipwa kwa ukamilifu zikiiva.

Naomba basi waandishi wako, kila wanapotaja kiwango cha kuponi, wataje pia bei na tarehe ya kuiva, kwani bila hivyo viwili msomaji hana namna ya kuipiga hesabu hii mwenyewe.

Wako,
Msomaji