Mfundishe Mjukuu Wangu Kiganda

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeupata. Unasema binti yako ana Kiingereza cha shule na Kiswahili cha nyumbani, Kiganda, lugha yetu Baganda wa Uganda, kitamchanganya bure. Hapo sikubaliani nawe.

Kiswahili nimekulia nacho kambini Jinja, babu yako akiwa askari, na ndicho nilichowalea nacho ninyi. Nakipenda. Lakini nikijitambulisha kwa Kiswahili, nataja jina na nitokako, basi. Kwa Kiganda cha heshima sijamaliza mpaka niseme "Nneddira Mmamba", yaani ukoo wangu ni Mmamba, na hapo nimejitaja pamoja na mmamba mwenyewe, yule samaki kamongo wa ziwani. Tangu utoto sijamtia kinywani. Wewe na binti yako ni wa Nsenene, ukoo wa senene, wale panzi wa kuliwa, kwa upande wa baba. Senene wakianguka na Masaka nzima inanukia kikaangoni, ninyi hamli. Ni mwiko wa ukoo. Mtoto asipoambiwa hayo kwa lugha yake, atamwona senene kuwa kitafunwa cha barabarani tu.

Tazama na miezi. Kwa Kiswahili tunasema mwezi wa tatu, mwezi wa nne: hesabu tu. Kiganda kinasema Mugulansigo, watu wananunua mbegu. Kisha Kafuumuulampawu, kumbikumbi wanaruka. Novemba ni Museenene. Baba yako alikuwa akitaja mwezi huku ametoka uani kutazama. Kumbikumbi wasipotoka, alijua mvua ina kasoro, akachelewesha maharage. Mimi nilijifunzia kilimo hapo, kwa kumsikiliza akizungumza.

Sikudanganyi kwamba lugha peke yake inaokoa kitu. Wategaji wa senene, wenye mataa makali, mabati na mapipa, wengi wanakijua Kiganda vizuri. Na ukipita Lwera kwenye barabara ya Masaka utaona kinamasi kinavyochimbwa mchanga. Kamongo huishi matopeni kama yale, nami roho huniuma kila nikipita, kwa sababu nimefundishwa kumwita wa kwetu. Nataka mjukuu wangu naye aumie hivyo, kisha aseme neno.

Shule zikifungwa mwezi wa tano, mlete. Dada yako yupo, naye ndiye ssenga wake, yaani shangazi. Kazi hiyo ni yake kwa mila. Mnunulie buti za mpira, shambani kuna matope. Na kuanzia leo ukimpigia simu jioni, msalimie kwa Kiganda, hata akijibu kwa Kiingereza.

Mama yako