Kwa Rehema, kuhusu Kito na dawa yake ya kifafa

Tanga

Shoga yangu Rehema,

Salamu nyingi. Huku hatujambo, mvua tu ndiyo inatukera. Ujumbe wako nimeupata. Unasema tangu paka wako Kito aanze fenobabitoni, dawa ya kifafa, anapepesuka kama mlevi, anakula kila kitu, na mumeo anataka mumwachishe. Msimwachishe. Dawa hii ikikatwa ghafla kifafa hurudi kwa nguvu, na kinaweza kumuua.

Kupepesuka na kulala sana ni mambo ya mwanzoni, kwa kawaida hupungua ndani ya wiki mbili hadi nne mwili ukishaizoea dawa. Paka wangu alipoanza dawa hiyo, miguu ya nyuma ilikuwa inapishana, akitaka kurukia kiti anajigonga kidevu. Nikamzibia njia ya darini, nikamtandikia chini, maji na trei ya mchanga nikamwekea karibu. Hiyo trei utaisafisha mpaka uchoke, maana dawa inaleta kiu na kiu inaleta mkojo. Maji lakini usimpunguzie.

Njaa ndiyo mtihani, kwa sababu wengine hubaki nayo. Huyu wangu alijifunza kusukuma kifuniko cha sufuria kwa pua. Jioni moja tulikuta mchuzi wa nazi umebaki mchuzi mtupu, samaki hayupo. Akikulilia usimjazie sahani. Chakula chake cha siku kiwe kilekile, ila ukigawe mara nne au tano. Kila mwezi panda kwenye mzani umembeba, kisha panda peke yako, utoe uzito wako upate wake. Unene una balaa lake, kisukari mojawapo.

Halafu angalia unavyokata vidonge. Robo ya kile cha miligramu 30 ni miligramu 7.5, na paka wa kilo nne dozi yake huwa karibu na hapo, asubuhi na jioni. Sasa ukikata kwa kisu cha jikoni, leo anapata pande, kesho vumbi. Leo analewa, kesho anaanguka. Tumia wembe mpya, na saa zisibadilike: saa moja na saa moja. Mfichie ndani ya dagaa, au ukimtia mdomoni mfuatishie maji kidogo kwa bomba la sindano lisilo na sindano, kidonge kisimkwame kooni. Akitoka povu hapohapo usipige kelele, ni uchungu wa dawa, si kifafa.

Hata ukimwona amelewa vipi, dozi usiipunguze kwa kukisia. Baada ya wiki mbili hivi daktari wa mifugo ampime damu aone dawa imefika kiasi gani, kisha kila miezi sita pamoja na ini. Akikuta imezidi, atapunguza yeye.

Kuna mambo ya kumkimbiza nayo siku hiyohiyo: uso kuwasha mpaka anajichuna, tezi za shingo kuvimba, homa, ufizi kupauka au kuwa wa njano, au paka huyo mlafi kukataa chakula. Hapo huenda mwili umeikataa dawa, na daktari anaweza kumhamishia levetirasetamu, dawa nyingine ya kifafa. Hiyo haileweshi sana, ila ile ya kawaida hutolewa kila baada ya saa nane, kwa hiyo jiandae kuamka usiku. Kifafa kikipita dakika tano, au kikirudi siku hiyohiyo, usingoje asubuhi.

Na huyo jirani anayekushauri umpe Valium, ile dawa ya kutuliza, ya kumeza kila siku, mshukuru tu uachane naye. Kwa paka vidonge hivyo vimewahi kuharibu ini ndani ya siku chache, wakafa. Daktari kuitumia mara moja kuzima kifafa ni habari nyingine.

Andika kwenye kalenda kila anapoanguka, saa na muda, na siku alizopepesuka zaidi. Nipigie mkishapima damu, unisomee majibu. Watoto wasalimie.

Wako,
Mwanaisha