Risala ya wafanyakazi wa maktaba ya chuo kwa mgeni rasmi, siku ya uzinduzi wa katalogi ya kompyuta

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Chuo, wakuu wa idara, wahadhiri, wanafunzi na wageni waalikwa,

Tunakushukuru kwa kukubali mwaliko wetu licha ya majukumu mengi uliyonayo. Karibu sana maktabani.

Mgeni Rasmi, katalogi utakayoizindua leo inaendeshwa na Koha, programu iliyotengenezwa New Zealand na kuanza kazi Januari 2000. Haina ada ya leseni, ndiyo maana imependwa. Ila bure yake inaishia hapo. Seva (kompyuta kuu inayohifadhi katalogi), umeme, intaneti na fundi ni gharama za kila mwaka, na bajeti nyingi za maktaba huandikwa kana kwamba kompyuta ikishanunuliwa kazi imekwisha.

Kitabu kipya kikiingia, mkutubi huskani ISBN, yaani namba ya utambulisho ya kitabu, na Koha huenda kuitafuta katika katalogi kubwa, kama ile ya Maktaba ya Bunge la Marekani, kisha huleta mwandishi, jina la kitabu, mchapishaji na mara nyingi namba ya Dewey inayopanga vitabu kwa mada. Maktaba hiyo ina ofisi Nairobi tangu 1966 inayokusanya machapisho ya ukanda wetu, hivyo hata vitabu vya Kiswahili vingi vimo. Visivyokuwemo huandikwa uga kwa uga: 020 ISBN, 100 mwandishi, 245 jina la kitabu. Hapo ndipo umakini unapodaiwa. Mkutubi mmoja akiandika “Juma, Ali” na mwenzake “Ali Juma”, kompyuta huhesabu waandishi wawili, na mwanafunzi akibofya jina la mwandishi hupata nusu ya vitabu vyake.

Balaa kubwa zaidi liko kwenye kuhamisha rejesta za zamani kwa kutumia Excel. Barkodi 000457 hugeuka 457 na haisomani tena na lebo iliyobandikwa kitabuni. ISBN ya Tanzania inayoanza na 9789976 huonekana 9.78998E+12, na ukihifadhi faili kama CSV (faili la maandishi matupu) ikiwa hivyo, tarakimu za mwisho zimepotea na hazirudi. Safu lazima igeuzwe kuwa maandishi kabla ya kuingiza namba. Kuigeuza baadaye hakusaidii kitu.

Kaunta nayo ina mtego wake. Skana kwa kompyuta ni kibodi tu: huandika namba na kubonyeza Enter. Mlio wake una maana kwamba barkodi imesomeka, hauna maana kwamba kitabu kimeandikishwa. Kasa, ile alama inayoonyesha maandishi yataingia wapi kwenye skrini, ikiwa nje ya kisanduku cha kuazimia, skana italia vilevile na kitabu kitatoka mlangoni bila jina la mwazimaji. Kwa hiyo mhudumu hutazama skrini kila mara, hata foleni ikiwa ndefu kiasi gani.

Kuna kompyuta za wasomaji zinazodaiwa kuwa “mbovu” wakati kilichokufa ni betri ya CR2032 kwenye ubao mama. Umeme ukikatika, saa hurudi nyuma miaka kadhaa, na kivinjari hukataa kufungua tovuti salama kwa kuwa tarehe ya cheti cha usalama cha tovuti haioani na saa ya kompyuta. Badala ya kubadilisha betri, watu huanza kuomba kompyuta mpya.

Mgeni Rasmi, majarida ya kulipia hututambua kwa anwani ya IP ya chuo, yaani namba inayotambulisha mtandao wetu kwenye intaneti. Mtoa huduma akiibadilisha bila taarifa, mwanafunzi hukutana na ukurasa unaomtaka alipie makala, naye hudhani maktaba haijalipa. Fedha imelipwa, mlango umefungwa.

La mwisho ni nakala rudufu, yaani nakala za akiba za data. Koha iliyosimikwa kwa pakiti za Debian (mfumo endeshi wa seva) hujinakili kila usiku, lakini nakala hukaa kwenye seva hiyohiyo, na kwa mpangilio wa kawaida zile za zaidi ya siku mbili hufutwa. Diski ikifa, vyote vimekwenda. Tena, kosa lililofanyika Ijumaa na kugunduliwa Jumatatu huwa tayari limeingia katika kila nakala iliyobaki.

Kutokana na hayo, tunaomba yafuatayo. Kwanza, UPS ya seva (kifaa cha betri kinachoshika umeme ukikatika) yenye uwezo wa kuizima kwa utaratibu betri inapokaribia kuisha, maana kuzimika ghafla huharibu hifadhidata. Pili, anwani ya IP ya kudumu iandikwe katika mkataba wa intaneti. Tatu, diski mbili za nje zipokezane kila wiki, moja ikitunzwa jengo lingine na nakala zake zikihifadhiwa angalau mwezi mzima. Nne, na hili tunalisisitiza kuliko yote, fundi mmoja wa kompyuta awe chini ya maktaba. Fundi wa kuazima hufika siku seva imeshazima, wakati kazi yenyewe ni kujaribu kila mwezi kama nakala rudufu inarejesheka.

Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.