Barua ya wazi kwa Msemaji Mkuu wa Serikali: papai bado linatusemea

Ndugu Msemaji Mkuu,

YAH: TAKWIMU ZA KORONA, MEI 2020 HADI KATIKATI YA 2021

Husika na kichwa cha habari tajwa hapo juu.

Shemeji yangu anaishi Leicester, Uingereza. Anasema hadi leo akijitambulisha kuwa Mtanzania hakosi mtu wa kumuuliza: ninyi si ndio mliopima papai korona? Hajibu. Atajibu nini, na papai lilipimwa kweli, mbuzi naye akapimwa, majibu yakaja kwamba vina korona, na aliyetutangazia ni Rais wetu mwenyewe, Hayati Magufuli, Mei 3, 2020.

Nina ugomvi na vyombo vya habari vya nje, niumalize kwanza. Nyungu waliiandika kama uganga. Nyumbani kwetu Mbagala nyungu ilikuwa sufuria la majani ya mpera, mchaichai na mwarobaini, mama kajifunika blanketi. Anatoka humo jasho linamtiririka, miwani imejaa mvuke, anauliza kama chai ipo. Bibi yake alimfanyia hivyo hivyo kila mafua yalipombana. Wapo walioamini inatibu korona, sikatai, na wakubwa ndio waliowaambia.

Level siti, yaani daladala kubeba abiria waliokaa tu, hawakuiandika. Makondakta wa Dar es Salaam, watu wasioogopa kitu, waliacha abiria vituoni kwa sababu viti vimejaa! Ndoo za maji tiririka mbele ya kila genge hawakuziona, nyingine koki imekazwa kwa mpira wa baiskeli. Wala sikusoma popote mama ntilie wa Kariakoo akiulizwa angekula nini siku ya tatu ya kufungiwa ndani.

Ugomvi wangu nao unaishia hapo. Kilichobaki ni chetu. Mgonjwa wa kwanza alitangazwa Machi 16, 2020, na kwa wiki kadhaa tukasomewa hesabu. Mwanzoni mwa Mei hesabu ikakwama: wagonjwa 509, vifo 21. Ikakaa hapo zaidi ya mwaka. Julai 2020 Kwanza TV ya mtandaoni ikafungiwa miezi 11 kwa kusambaza tahadhari ya Ubalozi wa Marekani kuhusu korona. Sasa mwandishi aliyeko Nairobi, mhariri anamsubiri jioni, angeandika nini? Namba hakuna, papai lipo.

Februari 2021 tukawa tunasoma tanzia. Tarehe 17 peke yake tulimpoteza Maalim Seif, Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, ambaye chama chake kilishasema ana korona, na Balozi Kijazi, Katibu Mkuu Kiongozi. Mtaani kwetu misiba mitatu ndani ya wiki mbili, mmoja wa mjomba wangu. Karatasi tuliyopewa hospitali iliandikwa "changamoto ya upumuaji". Niliisoma nikacheka, Mungu anisamehe. Kuna marehemu asiyekuwa na changamoto hiyo?

Tazama Sweden. Nao hawakufungia watu ndani, shule za watoto wadogo zikaendelea, na magazeti ya nje yakawachapa vilivyo. Lakini Anders Tegnell, mtaalamu wao mkuu wa milipuko, alikuwa akisimama mbele ya waandishi na hesabu za vifo mkononi. Serikali ikaunda tume iichunguze serikali yenyewe, na tume ikasema wazi kwamba wazee waliokuwa kwenye nyumba za kulelea hawakulindwa. Baadaye hesabu za vifo vya ziada zikaiweka Sweden miongoni mwa nchi za Ulaya zilizopoteza watu wachache zaidi. Waliowacheka ikabidi wasome upya.

Sisi je? Huenda kwa kuwa wengi wetu ni vijana, ugonjwa ulitupitia kwa unafuu. Huenda tulizika wengi kuliko tunavyokiri. Nikibishana na shemeji yangu sina cha kumwonyesha, si kwa hili wala kwa lile.

Ombi langu si la kumfukua mtu kaburini. Rais Samia alishabadili njia: aliunda kamati ya wataalamu, akachanjwa hadharani Julai 28, 2021, na takwimu zikarudi. Zilirudi za kuanzia pale. Mimi naomba za nyuma yake: vitabu vya wodi, oksijeni iliyotumika mwezi kwa mwezi, vibali vya mazishi, vifo vilivyosajiliwa RITA, wakala wa serikali wa usajili. Najua wengi wetu huzika bila kusajili, kwa hiyo hesabu itakuwa na matundu. Toeni hiyo hiyo yenye matundu. Waandishi wa hapa nyumbani waipate kwanza, waibishanie kwa Kiswahili, kabla haijatufikia kutoka nje ikiwa na picha ya papai juu.

Na ikiwezekana msichelewe. Vitabu vya wodi ni karatasi, Ndugu Msemaji, na stoo ya zahanati ya mtaani kwetu ilivuja masika yaliyopita.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwananchi wa Mbagala, Dar es Salaam