Barua kutoka juu ya Berlin

Mpendwa Rehema,

Salamu nyingi. Mimi mzima, natumaini nawe hujambo.

Nianze na swali lako, maana umeniuliza mara mbili: hapana, mnara wa televisheni wa hapa Berlin wenyewe hauzunguki. Kinachozunguka ni sakafu ya mgahawa ulio juu yake, tena si yote, ni ule ukanda wa pembeni uliobeba meza. Katikati, penye lifti na ngazi, pametulia tuli, na madirisha nayo hayaendi popote. Hilo la madirisha nilijifunza kwa mkoba wangu. Niliuweka ukingoni mwa dirisha, nikanogewa na supu, kugeuka haupo! Meza yetu ilikuwa imeshauacha mbali. Mama mmoja wa meza ya nyuma alikuwa ameushikilia, akininyooshea kwa tabasamu. Nilimshukuru sana.

Mnara huu una urefu wa mita 368, na mgahawa uko ndani ya lile tufe kubwa, kwenye mita 207. Jua likilipiga tufe, mng'ao wake hutokeza msalaba. Wenyeji waliuita kisasi cha Papa, kwa kuwa serikali ya Ujerumani Mashariki iliyoujenga haikuwa na mapenzi na dini.

Lakini Rehema, kilichonishika moyo ni kingine. Mnara ulifunguliwa 1969, Ukuta wa Berlin ukiwa umeshaukata mji vipande viwili, Mashariki na Magharibi, tangu 1961. Hebu fikiria mtu wa Berlin Mashariki aliyepata meza hapa siku zile. Ameketi na kahawa yake, hajainua hata mguu, sakafu inamchukua. Lango la Brandenburg linaingia dirishani, halafu miti ya bustani ya Tiergarten, halafu mitaa ya Magharibi ambako pengine ana dada au shangazi, na yeye haruhusiwi kukanyaga. Anaitazama yote kwa utulivu, mpaka sakafu ileile inamwondoa polepole na kumrudishia upande wake. Kwa miaka 20, hadi ukuta ulipoanguka, watu walikula hapa hivyo. Sijui walikuwa wakizungumza nini meza ikifika kule.

Nilipofika upande huo nilitafuta kwa macho ulikopita ukuta. Niliona paa, barabara na treni zikivuka tu. Nikaagiza kahawa ya pili, ili nipite tena.

Nijibu upesi.

Rafiki yako,
Neema