Barua ya wazi kwa Kamishna Jenerali: mtafiti wa bangi aanzie dirisha gani?

Kwa Kamishna Jenerali,
Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya.

Mheshimiwa, shikamoo.

Nauza dawa katika duka la dawa muhimu hapa Ngaramtoni, Arusha. Najua barua yenye neno bangi ikitoka mkoa huu watu hucheka kabla ya kuifungua, kwa hiyo niseme mapema: sivuti, na siombi mashamba ya bangi ya Kisimiri yaachwe. Mkifyeka, fyekeni. Shida yangu ni nyingine kabisa: maumivu ya wanawake, na kama dawa ya bangi inaweza kupimwa kwa utafiti ili kuyatuliza.

Kila mwezi huja dukani wanawake wale wale. Hawasemi wanaumwa nini. Wanasema, "Dada, nipe ile ya siku ile." Ile ni dawa ya maumivu: diklofenaki, au ibuprofeni, au vyote viwili nikizubaa. Nikiuliza, jibu ni chango. Chango kwetu ni kapu: kila maumivu ya mwanamke chini ya kitovu hutupwa humo, na kapu halifunguliwi.

Mimi nimeishi ndani ya kapu hilo. Nilianza kuzimia darasani nikiwa kidato cha pili. Bibi akanichemshia mizizi, mama akasema ukizaa litaisha. Nimezaa, halijaisha. Hospitali moja ilinitibu UTI mara tatu. Nilikuwa na miaka 29 daktari alipoingiza kamera tumboni kwa kupitia tundu dogo, akanitajia jina: endometriosisi. Tishu inayofanana na utando wa ndani wa mji wa mimba huota nje yake, kwenye ovari, nyuma ya kizazi, hata kwenye utumbo. Huvimba, huacha makovu, na viungo vikaja kugandana. Shirika la Afya Duniani linakadiria ugonjwa huu unawapata karibu asilimia 10 ya wanawake na wasichana walio katika umri wa kuzaa, yaani kama milioni 190. Millen Magese, Miss Tanzania wa 2001, alipousema wake hadharani, wengi wetu ndipo tulipojua kumbe hili jambo lina jina.

Tiba ya kuumaliza haipo. Vidonge vya homoni na sindano huwatuliza baadhi yetu, lakini anayetafuta mtoto hawezi kuzitumia. Upasuaji ni ghali, na maumivu yanaweza kurudi. Inabaki diklofenaki. Mwezi baada ya mwezi, kwa miaka. Najua inavyofanya kwenye tumbo na kwenye figo, na bado naipima kwenye bahasha. Ningekuwa na kingine cha kuwapa ningewapa.

Sasa nifike kwenye kilichonifanya niandike. Mteja wangu mmoja alisubiri duka liwe tupu, akaniambia anachemsha jani kwenye maziwa siku ya kwanza ya hedhi, na kwamba ndiyo siku pekee anayolala. Daktari wake hajui. Anaogopa akimwambia habari itafika polisi. Na anatafuta mimba, wakati bangi na mimba havitakiwi kukaa pamoja. Nilimwambia aache. Akaniuliza, "Nikiacha, nitumie nini?" Nikamuuzia diklofenaki.

Hayuko peke yake duniani. Watafiti wa Australia waliwahoji wanawake 484 wenye ugonjwa huu. Asilimia 13 walisema wanatumia bangi kujituliza, na wakaipa wastani wa 7.6 kati ya 10, juu ya njia nyingine zote walizojaribu wenyewe. Huko Barcelona, mwaka 2020, panya waliosababishiwa hali hii kisha wakapewa THC, kiini cha bangi kinacholevya, walipungukiwa maumivu, na uvimbe wao ukawa mdogo. Si jambo la ajabu sana, maana mwili una vipokezi vyake vinavyoitikia viini hivyo, hata kwenye kizazi. Lakini panya si mwanamke. Na dodoso si jaribio la tiba: anayejibu ni yule aliyependa kujibu, na kila mmoja alitumia jani lake na kipimo chake. Kwa ushahidi huo mimi nisingethubutu kuuza hata tone. Ndiyo maana nasema utafiti, sisemi ruhusa.

Mheshimiwa, nchi hii haianzi leo. Mofini inatokana na afyuni, na wagonjwa wa saratani wanainywa kwa maandishi ya daktari. Methadoni, dawa ya kuwasaidia watu kuacha heroini, ilianza kutolewa Muhimbili mwaka 2011, na ofisi yako inaijua kuliko mimi. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1961, tuliouridhia, unaacha nafasi kwa tiba na sayansi. Na tarehe 2 Desemba 2020 Tume ya Umoja huo ya Dawa za Kulevya iliitoa bangi katika Jedwali la Nne la mkataba huo, lenye masharti makali zaidi, ilikokuwa imewekwa pamoja na heroini. Udhibiti umebaki palepale, nami sina ugomvi nao.

Ninachoomba ni karatasi moja. Kaeni na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR) na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, mtangaze kwa Kiswahili: mtafiti akitaka kupima dawa ya bangi kwa wagonjwa aanzie dirisha gani, ajaze nini, dawa iingieje, itunzwe na nani, ihesabiwe vipi, inayobaki iteketezwe wapi. Nazungumzia vidonge au mafuta yenye kipimo kinachojulikana, si bangi ya kuvuta. Hapo mjini Moshi, katika hospitali ya KCMC, kuna madaktari wa wanawake na kuna watafiti. Si lazima kila kitu kianzie Dar es Salaam.

Na kabla ya kidonge chochote kuna hatua isiyohitaji hata jani moja: dodoso la siri, kliniki za wanawake za Arusha na Kilimanjaro, kuuliza wangapi tayari wanatumia, kwa namna gani, pamoja na dawa zipi. Kutoka ofisi yako hilo linahitaji barua tu, yenye saini, kwamba majibu hayatatoka mikononi mwa watafiti kwenda popote. Bila saini hiyo yule mteja wangu hatajibu, nami sitamshauri ajibu.

Mwisho wa mwezi atarudi. Nimemwekea boksi lake kwenye rafu ya chini.

Wako,
Muuza dawa, Ngaramtoni